Daftari la Vipimo

Daftari hili lilikuwa la hesabu, la mwanangu Driciru,
aliyeacha shule kurasa nne baada ya jalada.
Zilizobaki nikazijaza viuno vya watu wa Oli.
Naandika kwa penseli. Wino ni kiburi:
nani kakwambia mtu atabaki na kifua kilekile?

Ezati, bega kumi na nne, kaptula ya shule,
pindo la vidole vitatu,
maana baba yake alisema, huyu anakua kama mihogo ya Maracha.
Alilipa kuku mmoja, na deni.
Siku hizo deni lilikuwa na uso,
tulikutana nalo njia ya sokoni, likaulizia watoto.
Sasa linakaa ndani ya simu,
linaniamsha saa tisa usiku,
wala halijui nimezaa wangapi.

Mama Candiru alikuja na mumewe.
Mume akasema mikono iwe mirefu, shingo ipande,
nami nikapima mwili wa mmoja kwa ulimi wa mwingine.
Mwaka huu kaja peke yake, juu ya pikipiki,
anaiendesha mwenyewe!
Kanyoosha mikono kama anayetaka kuruka:
"Kata hapa. Na hapa. Mfuko uwe na zipu,
humo ndimo duka langu linalala."
Mzee hajambo? "Hajambo. Anapika."
Tukacheka hadi sindano ikaniponyoka.
Sikuuliza kama ni kweli.

Halafu kurasa za wale waliovuka kutoka Sudani.
Hawakutaka kupimwa. Walileta nguo za waliokufa,
wakasema, punguza.
Msimu mzima nilipunguza.
Poni alikuwa mmoja wao. Leo ana cherehani ya umeme
mkabala na kibaraza changu,
anatukana kwa Kilugbara kilichonyooka,
na wateja wangu watatu kawachukua,
Mungu amlinde na mimi.

Kurasa sita ni tupu.
Ndio mwaka wa barakoa, na barakoa haina kipimo,
wote tulikuwa nusu uso.
Baba yake Ezati tulimzika tukihesabiwa na polisi.
Nilitupa udongo wangu, na shilingi elfu sita
zikateremka naye. Zilale.

Siku waliyosema mji wetu sasa ni jiji
nilikuwa nakunja pindo. Niliinua macho:
mtaro ulikuwa palepale, na mbuzi yuleyule.
Lami ilikuja baadaye, na watu wenye kamba ndefu kuliko yangu
wakapima kibaraza bila kubisha hodi,
wakaondoka na hatua mbili.

Juzi Ezati kaniletea picha kutoka Dubai,
analinda mlango wa duka la manukato.
Anataka koti la kupelekea mahari.
"Nipime hapohapo, Mama Fundi, nitakuja kwa siku nne tu."
Nami, mjinga, nikaweka futikamba juu ya kioo cha simu:
bega, nusu inchi.

Nikaenda kwa Poni kuazima mkasi.
Futi yake ilikuwa mezani, nikalaza yangu kando,
mchezo tu.
Yangu ni ndefu zaidi.
Miaka kumi ya kuvutwa kwenye makalio ya watu
imenyooka, inchi nzima na ushee, bila kuniaga.
Kumbe wale niliowaambia wamekonda, nikawapa pole,
hawakukonda.
Na mimi niliyejipima kila sikukuu,
nikajigamba kwamba dunia nzima imebadilika
isipokuwa kiuno changu!

Poni alicheka, akapiga goti la meza.
Kisha akanizungushia yake, polepole,
akasoma namba.
Siitaji.
Nimeiandika, kwa penseli, chini ya jina langu.

Koti la Ezati nimelikata kwa futi ya Poni.
Bega nimekisia.
Pindo, vidole vitatu.